Sura ya Saba: Nakala Iliyoanguka Ukaguzi

Ofisini kwa Mkurugenzi wa hospitali kulikuwa na viti viwili vya wageni, kimoja kirefu na kimoja kifupi. Inspekta alionyeshwa kile kifupi. Akakaa, akaweka kofia gotini, akafungua daftari lake taratibu kama mtu anayemenya yai la moto. Kituoni walimwita Kobe. Hakulikasirikia jina hilo. Alisema anayetembea na nyumba yake mgongoni hachelewi kurudi.

"Ijumaa hii, Inspekta," Mkurugenzi alisema. "Nilidhani mmeshamaliza."

"Tunamaliza. Mtuhumiwa anasomewa mashtaka Jumatatu. Nimebakiwa na swali dogo."

"Fundi boila kaua mtu kwa uzembe. Swali liko wapi?"

"Anasema alikuandikia."

Mkurugenzi akacheka kwa pua. "Jambo likishaharibika kila mtu huwa aliandika."

Siku ishirini na mbili zilikuwa zimepita tangu boila ya chumba cha kufulia ilipopasuka, Alhamisi saa mbili asubuhi, ikamuua mama mmoja mfuaji aliyekuwa anakunja mashuka. Mchana wa siku hiyohiyo fundi boila, mzee wa miaka hamsini na minane, akatiwa ndani. Maelezo yake polisi hayakufika nusu ukurasa. Valvu ya usalama iliganda. Nilitoa taarifa kwa barua pepe. Nikaambiwa niwashe. Nikawasha.

Alitumia barua pepe kwa sababu miaka miwili nyuma Mkurugenzi alibandika tangazo kila ukuta: taarifa ya mdomo haipokelewi, ya karatasi haipokelewi, andika kwenye kompyuta. Mzee wa watu aliyezoea spana ikabidi afundishwe na binti yake kubonyeza herufi kwa vidole viwili. Wakubwa ndivyo walivyo. Wanakuchagulia mlango wa kupitia, wanaufunga, halafu wanakuuliza mbona hukupita.

"Barua zake ziko wapi?" Kobe aliuliza.

"Hakuna barua. Tumetafuta kwenye seva, hakuna. Sanduku lake lilifungwa siku aliyokamatwa. Ndio utaratibu kwa mfanyakazi aliyesimamishwa."

"Kufungwa au kufutwa?"

"Kwa kompyuta ni kitu kilekile."

Kobe akaandika. "Na zile nakala za akiba? Bakapu?"

Mkurugenzi akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Umesoma, Inspekta."

"Nimeuliza tu."

"Zimefutwa. Zote thelathini. Na kwa kuwa umeuliza, paswedi iliyotumika ni ya mtu wangu wa kompyuta. Sikutaka kulikuza, ana watoto. Nadhani aliteleza mkono. Au alikuwa na urafiki na fundi, nani ajuaye. Mwulize mwenyewe."

"Nitamwuliza," Kobe alisema, akafunga daftari.

Nje ya ofisi, kwenye benchi la mbao, alikaa mume wa marehemu. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mbele tu, mgongoni likiwa na makunyanzi. Mtu hawezi kujipigia pasi vizuri akiwa hajazoea. Alisimama alipomwona Inspekta.

"Kaa, mzee wangu. Unasubiri nini?"

"Viatu vya mke wangu, afande. Na mkoba wake. Viko kwenye kabati la wafuaji. Vinataka sahihi ya mkuu."

"Sahihi ya viatu?"

"Ndiyo. Ni wiki ya tatu sasa. Mke wangu wakati anavifungia ndani hakusaini popote."

Kobe akamgeukia katibu muhtasi, aliyekuwa anapaka rangi kucha nyuma ya meza. "Dada, viatu si kielelezo. Polisi hatuvihitaji. Mpe."

"Mpaka mkuu asaini, afande."

"Sawa. Basi andika hapa kwamba umekataa, saa na tarehe, halafu uweke jina lako."

Katibu alilitazama lile daftari lililosogezwa mbele yake, akatazama kucha zake. Kisha akavuta droo na kutoa ufunguo.

*

Chumba cha seva kilikuwa chini kabisa ya jengo, zamani kikiwekwa magongo ya wagonjwa. Kiyoyozi kilipuliza baridi mpaka mfupani. Fundi wa kompyuta alikuwa mwembamba, amevaa sweta mbili, na hospitali nzima walimwita Waya. Sajenti, dada mmoja mpole wa kitengo cha kompyuta cha polisi, alishatangulia, naye alikuwa amekaa mbele ya kioo cha kompyuta akiteremsha orodha ndefu ya tarehe na saa.

Kobe alibaki amesimama. "Paswedi yako ilifuta bakapu thelathini."

"Paswedi yangu, afande. Si mikono yangu."

"Tofauti yake nini?"

"Mtu akimwazima mwenzake panga, nalo likaenda kukata mgomba wa jirani, utamfunga mwenye panga?"

"Inategemea alimwazima nani."

Waya akanyanyua kidole akaelekeza darini.

"Sema. Daftari langu halioni kidole."

"Mkurugenzi. Ulikuja waraka kwamba kila mwenye paswedi ya mitambo aiandike, aitie kwenye bahasha, aikabidhi ofisi kuu. Eti isije nikafa nayo."

"Na hujafa."

"Mpaka saa hii."

Sajenti akageuza kiti. "Afande, kumbukumbu iko wazi. Zimefutwa Ijumaa, siku ya pili yake baada ya boila, saa nne na dakika kumi asubuhi. Na hazikufutwa kwa mbali. Aliyezifuta alikaa hapahapa nilipokaa, akatumia kibodi hii."

Kobe akamtazama Waya. "Ijumaa ile saa nne ulikuwa wapi?"

"Stoo ya zamani. Nje ya mji."

"Ulifuata nini?"

"Feni ya mashine ya ukaguzi. Nilienda kuibadilisha."

"Mashine gani tena hiyo?"

Hapo Waya alichangamka kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe. "Afande, bakapu isiyokaguliwa si bakapu, ni imani tu. Unaweza kuweka akiba mwaka mzima, siku ya shida ukafungua ukakuta makapi. Sasa hapa kila siku saa saba mchana, watu wakienda kula, seva inafunga barua zote za hospitali fungu moja. Zamani ilikuwa ikishafunga, inalifungua fungu yenyewe na kukagua barua mojamoja. Kazi kubwa. Barua za wakubwa zikawa zinachelewa wakitoka kula. Wakapiga kelele. Nikaletewa amri: ondoa hicho kinachotuchelewesha."

"Ukaacha kukagua."

"Walisema niondoe. Hawakusema nipeleke wapi." Waya alitabasamu. "Nikachukua kompyuta moja kuukuu ya masijala, nikaipeleka stoo ya zamani, kilomita kumi na mbili kutoka hapa. Kazi yake hiyo moja tu. Saa saba inakuja kuvuta nakala, inaifungua kulekule, inakagua kila barua na kuilinganisha na orodha, inaandika SAWA. Ikishaandika inaifuta ile nakala, maana tumbo lake dogo. Kesho yake tena."

"Na ikikuta si sawa?"

Waya akainama kuokota kipande cha kebo kilichokuwa hakimsumbui mtu. "Inaandika MBOVU. Inaiweka kando mtu aje aitazame. Siku ishirini. Asipokuja mtu, nayo inafutwa."

"Mkurugenzi anaijua mashine hiyo?"

"Aliniuliza Ijumaa ileile asubuhi, kabla sijatoka. Kule stoo kuna nakala yoyote? Nikamjibu ipo moja, mbovu, ilianguka ukaguzi. Akasema, mbovu ya nini, iache ioze."

"Ilikuwa ya siku gani, hiyo iliyoanguka?"

"Jumatano."

Siku moja kabla ya boila. Sajenti alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya meza, akarudia hesabu, kisha akanyanyua uso.

"Afande. Kutoka Jumatano ile, siku ishirini ziliisha Jumanne. Tumechelewa siku tatu."

Feni za seva zilivuma. Waya alikuwa bado ameshika kile kipande cha kebo, anakikunja na kukikunjua.

"Una la kuongeza?" Kobe alimwuliza.

"Hapana, afande. Nendeni tu mkaone. Ila mkifika mfute viatu. Mama wa pale hataki mchezo."

*

Njiani Sajenti aliendesha, Kobe akitazama dirishani.

"Mimi huyu Waya simwamini," Sajenti alisema. "Ana maneno mengi mahali pasipo na swali, na penye swali anaokota kebo."

"Nimeona."

"Labda hakwenda stoo kabisa. Alikaa palepale akafuta, kisha akatunga feni."

"Ndiyo maana tunakwenda kuitazama feni."

Stoo ya zamani ilikuwa jengo refu la bati lililozungukwa na ukuta, lenye vitanda vibovu vimepangwa uani kama ng'ombe waliolala. Msimamizi wake alikuwa mama mnene aliyekaribia kustaafu, na funguo zisizopungua arobaini zikimning'inia kiunoni kwa kamba. Kila mtu alimwita Bi Funguo, wengine hawakujua kama ana jina jingine.

"Futeni viatu," alisema kabla ya salamu.

Wakafuta.

"Haya, karibuni. Andikeni hapa. Jina, saa, mnafuata nini."

"Mama, sisi polisi, tuna haraka kidogo."

"Haraka ni yako, mwanangu, daftari ni langu. Alikuja daktari mkuu akaandika, sembuse wewe."

Kobe aliandika, na wakati anaandika akawa anafunua kurasa za nyuma. Alilipenda lile daftari. Mistari ilikuwa imepigwa kwa rula, hakuna uliorukwa. Alifika Ijumaa ile. Fundi wa kompyuta, kuingia saa tatu na nusu asubuhi, kutoka saa saba kamili. Shughuli: kubadili feni.

"Mama, huyu Waya. Katikati hapa hakutoka, akarudi?"

"Apite wapi? Geti moja, kufuli moja, ufunguo huu." Akaushika bila kuutafuta kati ya wale arobaini. "Tena siku hiyo nilimpikia chai, akaiacha ikapoa. Alikuwa kama mtu mwenye homa."

Kobe akamtazama Sajenti. Basi saa nne na dakika kumi Waya alikuwa huku, kilomita kumi na mbili mbali na ile kibodi.

"Na hawezi kuwa alifuta akiwa hapa?" Kobe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana. Kumbukumbu inataja kibodi ya seva yenyewe. Tena kwa alivyoieleza, mashine ya huku imepewa ruhusa ya kuchukua tu. Nitahakikisha."

Bi Funguo aliwaongoza mpaka chumba cha mwisho, palipokuwa pakihifadhiwa picha za eksirei. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya mbao, imefunikwa kitambaa safi, na pembeni yake pamewekwa ndoo kukinga maji ya paa. Mama huyo aliondoa kitambaa kama anayemfunua mgonjwa.

"Kila mchana inaguna dakika arobaini, halafu inalala. Mimi nayo tumezoeana. Hainiulizi kitu, nami siiulizi."

Sajenti alifanya kazi kwa utaratibu wa kitabuni. Alipiga picha meza, nyaya, nyuma ya mashine. Akamtaka Bi Funguo asimame karibu awe shahidi. Akatoa kile kifaa kinachoruhusu kusoma bila kuandika chochote, akakiunga, akaandika saa kwenye fomu. Kisha orodha ikatokea. SAWA. SAWA. SAWA. Siku nyingi za sawa zikapita juu ya kioo, na kila moja pembeni yake imeandikwa kwamba nakala imefutwa.

"Ruhusa ni ya kuchukua tu, kweli," Sajenti alisema. "Alivyosema ndivyo." Akaendelea kuteremka. Akasimama.

"Ipo, afande."

"Ipo nini?"

"Ya Jumatano. MBOVU. Haijafutwa."

Kobe alisogea. "Si ilikuwa siku ishirini?"

"Ilikuwa." Sajenti alifungua faili jingine, akasoma, akasoma tena. "Kuna mtu amebadilisha. Palipoandikwa ishirini ameandika mia tatu sitini na tano. Ijumaa ileile, saa nne kasoro dakika tano."

Bi Funguo alivuta mdomo. "Alisema feni."

"Feni aliibadilisha, mama?"

"Wapi! Ni ileile, ina jino limevunjika. Sikiliza inavyokwaruza. Ingekuwa mpya nisingejua?"

Wakanyamaza wakasikiliza. Ilikwaruza.

Kobe alivuta kigoda akakaa. Mambo yalikuwa yanajipanga yenyewe, naye hakupenda kuyasukuma. Mtu ameitwa na bosi wake asubuhi, siku moja baada ya kifo, akaulizwa kama kuna nakala popote. Amejibu ipo moja, mbovu, na jibu ni la kweli. Bosi hakuuliza zaidi, kwa sababu bosi akisikia neno mbovu hukumbuka vitu vya kutupa. Mtu huyo katoka hapo moja kwa moja na kuja mpaka kwenye chumba hiki. Kaikuta ile nakala, kaiongezea maisha, kisha kakaa kimya hadi saa saba, chai ikipoa.

"Mbovu kiasi gani?" aliuliza.

Sajenti alishaanza kutafuta. "Jumatano ile kulikuwa na barua elfu kumi na moja, mia nne na kumi na mbili. Zilizolingana na orodha ni elfu kumi na moja, mia nne na kumi na moja."

"Imeanguka moja."

"Moja. Ya chumba cha eksirei, ina picha kubwa, ilikatikia njiani. Nadhani umeme ulikatika. Mashine haijui kusamehe, afande. Ikikosa moja, inaandika fungu zima ni mbovu."

"Gunia zima limekataliwa kwa kiazi kimoja," Kobe alisema. "Fungua sanduku la fundi."

Sanduku la fundi boila lilikuwa na barua chache kuliko za mtu yeyote pale hospitalini. Sajenti alizisoma kwa sauti, polepole, ili Kobe anakili na Bi Funguo asikie, maana sheria inataka shahidi ajue anachokishuhudia.

Ya Jumatatu:

*Mkuu shikamoo. Valvu ya usalama ya boila ya kufulia imeganda nimeigonga haijibu. Mvuke ukizidi hauna pa kutokea. Naomba nizime mpaka ije nyingine. Ni mimi fundi.*

Haikujibiwa. Ya Jumanne:

*Mkuu shikamoo. Naona ya jana haikufika labda nimekosea kubonyeza. Valvu bado imeganda. Sasa inatoa mlio. Naomba nizime.*

Haikujibiwa nayo. Ya Jumatano, saa tatu asubuhi:

*Mkuu shikamoo. Nimezima. Wafuaji nimewaambia wafue kwa maji baridi. Ukitaka kunigombeza niko chini.*

Hii ilijibiwa. Sajenti alisita kabla ya kuisoma. Ilitoka kwenye sanduku la Mkurugenzi, saa nne na robo.

*Nani amekupa ruhusa? Kesho nina wageni wa wizara, nataka mashuka makavu yaliyopigwa pasi wodi zote. Washa. Ukishindwa nitamtafuta anayeweza.*

Bi Funguo alikaa juu ya sanduku la mbao, funguo zote zikalia kwa mara moja.

"Mashuka," alisema. "Kwa ajili ya wageni kuyaangalia."

"Yule mama mimi nilimjua. Alikuwa akileta mashuka mabovu huku, kila mwezi. Akikuta nimechoka, anayahesabu mwenyewe." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nitasaini wapi, binti yangu?"

Sajenti alimwonyesha. Mama akasaini kwa herufi kubwa, akikaza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Kobe alisimama, akatembea hadi mlangoni na kurudi. Alipaswa kufurahi, na kidogo alifurahi. Lakini alikuwa ameshuhudia kesi nyingi, na alishaanza kumsikia wakili wa Mkurugenzi, yule atakayekuja na tai ya hariri.

"Sajenti, tuseme mimi ni wakili wa mkuu. Nakuuliza: mashine hii iliguswa na mtu siku moja baada ya ajali?"

"Iliguswa."

"Na mtu mwenye ujuzi wa kutunga barua ya uongo?"

"Anao."

"Na alificha kwamba aliigusa. Kwenye daftari la wageni kaandika feni."

Sajenti akauma mdomo. "Kila barua ina alama yake, afande. Orodha ya alama ilitengenezwa na seva Jumatano, kabla ya ajali, na hizi nne zinalingana nayo."

"Na orodha yenyewe iko wapi?"

"Seva ilikuwa nayo, ikafutwa pamoja na bakapu. Iliyobaki ni hii ya humu."

"Humu mlimoguswa."

"Ndiyo."

"Basi mimi wakili namaliza hapo, nakaa chini, hakimu anatikisa kichwa, na mzee wa watu anarudi rumande." Kobe alivaa kofia. "Karatasi hizi hazitoshi peke yake. Zinataka mtu wa kusimama nazo. Aseme niligusa namba moja tu, na sababu yake hii."

Alitoka uani, akasimama katikati ya vile vitanda vibovu palipokuwa na mtandao, akapiga simu. Waya alipokea kabla haijaita mara mbili. Nyuma yake zilisikika feni za seva.

"Mmeikuta?"

"Tumeikuta."

Upande wa pili mtu alivuta pumzi ndefu.

"Ulijua inasomeka?" Kobe aliuliza.

"Nilijua barua iliyokufa ni moja."

"Na bosi ukamwambia mbovu."

"Aliuliza kama kuna nakala, nikamwambia hali yake kama ilivyoandikwa na mashine. Angeuliza barua ngapi zimepona, ningemwambia. Hakuuliza. Huwa hawaulizi, afande. Mtu mkubwa akishapata jibu analolitaka anaondoka."

"Mzee yuko ndani siku ishirini na mbili. Ungeweza kuja siku ya kwanza."

"Najua."

"Hukuja."

"Nina watoto watatu. Wa mwisho ana moyo, anatibiwa hapahapa kwa kadi yangu ya kazi. Nilisema moyoni, polisi wakija kuuliza nitawaelekeza. Kila siku nikawa nasema watakuja leo." Sauti ilishuka. "Mmekuja leo."

Kobe hakumpa pole. Aliona ikianza kutoka mdomoni akaimeza, maana pole ingemfanya mtu akae tu alipo, asije.

"Nisikilize. Nahitaji maelezo yako, kwa mdomo wako na sahihi yako. Uligusa nini, saa ngapi, kwa nini. Na ile habari ya bahasha ya paswedi. Bila wewe, wakili wao atasema barua tumezipika, na Jumatatu fundi anasomewa mashtaka."

"Nikisema, Jumatatu hiyohiyo sina kazi."

"Sitakudanganya. Huna."

"Na mtoto?"

"Sijui. Nitaandika barua, nitaongea na watu ninaowajua. Lakini leo, ukiniuliza, sijui."

Gari lilipita nje ya ukuta, Kobe akasubiri mpaka mlio wake ukaisha.

"Huwezi kuandika tu kwamba mliikuta?" Waya aliuliza. "Bila kunitaja?"

"Naweza. Na usipokuja nitaandika hivyohivyo. Halafu tutashindwa, wewe na mimi tukijua kwa nini."

"Mke wake fundi, mnamwona?"

"Kila siku. Anakuja na chakula getini saa sita. Wanapokea chakula, yeye wanamrudisha."

Feni za seva zilikatika ghafla masikioni mwa Kobe. Mlango ulikuwa umefungwa. Sasa zilisikika nyayo zikipanda ngazi, na sauti ya Waya ikawa inahema.

"Lini?"

"Kesho saa tatu, kituoni."

"Kesho ni mbali. Jumamosi saa mbili bosi huwa ananiita ofisini kwake nimpe ripoti ya wiki. Nikimwona usoni nitarudi nyuma, afande, najijua. Bado mko stoo?"

"Tupo."

"Basi nisubirini. Nakuja sasa hivi, na sweta zangu hizihizi."

Simu ikakatika. Kobe alibaki ameishika kidogo, kisha akarudi ndani. Sajenti alikuwa anafunga mashine kwenye mfuko wa vielelezo, Bi Funguo akimshikia taa.

"Anakuja," Kobe alisema.

Sajenti hakuuliza nani. Aliweka chini utepe wa gundi, akavuta mkoba wake, akatoa fomu tupu ya maelezo ya shahidi na kuandika tarehe juu yake.